Mgeni wa Mwanvua

Hapa Singida mtu akikuambia anauza kuku, usimwonee huruma. Kuku ndiyo heshima yetu, na abiria wa Dar es Salaam wakishuka basi kunyoosha miguu, cha kwanza wanachoulizia ni hicho. Saada wa Utemini aliuza kuku tangu hajaolewa. Akimtupia jogoo jicho mara moja tu, anajua kama huyo jogoo ametoka Ilongero au Iramba, na kama kwao alikuwa akilishwa mtama au akiambiwa ajitafutie mwenyewe. Sokoni walimwita Mama Kuku, na jina hilo alilivaa kama kanga mpya.

Mtihani wake ulikuwa nyumbani. Akitoka alfajiri, binti yake Mwanvua amelala. Akirudi usiku, Mwanvua amelala tena. Mumewe, Haji, alikuwa dereva wa lori la mafuta ya alizeti, leo Mwanza, kesho Kahama, na huyo mtoto alimjua zaidi kwa honi kuliko kwa sura. Siku moja baba huyo alipoingia ghafla mchana, Mwanvua alimpa shikamoo, akamsogezea kigoda na kumwambia asubiri, wenye nyumba wanakuja.

Katikati ya usingizi na usingizi, mtoto alikuwa kwa Rahabu, aliyemfuata asubuhi na kumlaza kwao usiku mpaka mama arudi. Huyu alikuwa mama wa Kinyiramba kutoka Kinampanda, amepanga nyumba ya pili kutoka kwao, akilea watoto wa majirani wenye kazi kwa malipo ya mwezi. Uani kwake palikuwa na kelele za harusi kuanzia asubuhi, lakini watoto walikula, walioga, na jioni kila mmoja alirudishwa kwao akiwa msafi. Saada alimlipa kwa moyo mweupe wala hakuwahi kujuta, mpaka Alhamisi moja biashara ilipokwisha mapema, akaenda kumchukua mtoto mwenyewe.

Mwanvua alimwona getini. Akamgeukia Rahabu na kumtangazia, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu zake zote:

"Mama, Mama Kuku amekuja. Anauliza kama tunataka kuku."

Rahabu aliona aibu hata akaangusha mwiko. Alieleza haraka haraka kwamba watoto wote pale wanamwita mama, hata yule ambaye mama yake ni mwalimu, asitie neno moyoni. Saada akacheka sana, akacheka kuliko ilivyostahili. Usiku ule alilia juu ya sufuria ya maharage, na maharage yakaungua, akayalilia na maharage pia. Alitaka jambo moja tu duniani: mwanawe amhesabu kuwa mtu wa nyumba ile.

Basi akaamua Jumatatu hafungui biashara. Alimwachia vizimba vyake Yustina, jirani yake wa sokoni, akamwambia Rahabu asimngoje mtoto. Rahabu alitaka kumpa maelekezo mawili matatu. Saada akamkata kauli: mtoto amemzaa mwenyewe, maelekezo ya nini tena?

Jumatatu ikafika. Mwanvua aliamka, akanawa uso bila kuambiwa, akachukua kimkoba chake na kukaa mlangoni akingoja kupelekwa kwa Rahabu. Saada akamweleza kwa furaha kwamba leo hakuna kwenda, leo wanashinda wote wawili, kutwa nzima. Mtoto akaenda kuleta kigoda, akamkaribisha.

Siku ikaanza hivyo, Saada mgeni nyumbani kwake. Alipika uji na kuutia sukari mpaka kijiko kikasimama. Mwanvua akamfahamisha kwa upole kwamba uji hutiwa karanga. Akataka kumlisha, akaambiwa wakubwa hujilisha. Akafungua mbeleko ambebe mgongoni, akaulizwa kama anaumwa kichwa. Alitoa peremende alizonunua, mtoto akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka kabatini za wageni wakija. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Saada huyu aliwahi kumuuzia kuku kipofu mtu mwenye miwani. Hakuwa mtu wa kukata tamaa saa tatu asubuhi.

Akajifunga kibwebwe. Akamwambia Mwanvua wacheze kombolela, na yeye ndiye atakayejificha. Mtoto alipofumba macho, Saada akatazama huku na huku, akaliona tenga kubwa la kusafirishia kuku limeegemea ukuta, akaingia. Kuingia aliingia vizuri. Kutoka ndiko kulikokataa, maana tenga lile lilisukwa kwa ajili ya kuku, nao hawana nyonga. Mwanvua alipomkuta, kichwa kimechungulia kwa juu na manyoya yamejaa kwenye nywele, alisimama kidogo kuhakikisha anachokiona. Saada, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akawika.

Loo, mtoto alicheka! Alicheka akakaa chini, akalala chali, akapiga miguu, akapata kwikwi. Saada naye akacheka ndani ya tenga mpaka likaanguka, likabiringika uani pamoja naye, Mwanvua akilikimbiza nyuma huku akimwomba awike tena. Akawika tena. Aliwika mpaka majogoo wa jirani wakamjibu. Tenga lilipogonga pembe ya ukuta na kupasuka, alitoka humo amechanika gauni, amefurahi kuliko siku ya mahari yake. Wakacheza kupika, wakacheza msiba, wakacheza mnada wa Ilongero, Mwanvua akiwa mnunuzi mbishi asiyeshika bei. Ilipofika adhuhuri walilala mkekani chumbani, kando ya kitanda, na aliyeshikwa na usingizi kwanza hakuwa mtoto.

Saada alizinduliwa na sauti ya mwanamume getini. Akataka kuinuka, mguu ukakataa. Kutazama, amefungwa kitambaa mguuni, na ncha ya pili imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Pembeni yake pana bakuli la mtama na kifuniko cha ndoo chenye maji. Mwanvua alikuwa mlangoni, akimweleza Chediel, mteja wa siku nyingi mwenye hoteli yake stendi.

"Mama Kuku hatoki," alisema. "Nimemfunga. Ni mgeni, hajazoea hapa."

Chediel ilibidi ashike nguzo. Hakuna mtu wa Singida asiyejua jambo hilo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: ukimleta nyumbani ukamwachia siku hiyo hiyo, ataondoka na hutamwona tena. Unamfunga, unampa mtama na maji karibu, mpaka aone kwamba pale ndipo kwake. Mwanvua aliyaona hayo tangu anatambaa, nyumbani mwa mama yake mwenyewe. Chediel akaondoka zake akifuta machozi, bila kuku, na akaenda kuihadithia stendi nzima.

Saada naye alicheka, kisha akakitazama kile kitambaa. Mtoto hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amepata kitu kizuri, na alijua kitu kizuri kisipofungwa kinakwenda zake sokoni. Lile fundo lilikuwa la kitoto, ukipuliza linafunguka, lakini Saada hakuligusa. Aliinama juu ya bakuli akaanza kudonoa mtama kwa midomo, huku akipepesa viwiko, na Mwanvua akaanguka tena kwa kucheka.

Walipotulia, Saada akauliza, na safari hii hakuwa anacheza.

"Nitafunguliwa lini?"

"Ukizoea."

"Mtajuaje kama nimezoea?"

Mwanvua alimshangaa, mtu mzima na kazi yake asijue. "Asubuhi tunakuachia. Jioni ukirudi mwenyewe kabla ya giza, umezoea."

"Na nisiporudi?"

"Tunakufunga tena," akasema Mwanvua, akampapasa mgongo ili asiogope.

Kesho yake Saada alifunguliwa alfajiri, kwa taratibu zote, akaenda sokoni. Na kama ujuavyo, siku ukiwa na haraka ndiyo siku dunia nzima inataka kuku. Basi la Dar lilichelewa na mzigo wa kuku wa Saada haujapakiwa. Mama mmoja aliyekuja mjini kwa semina alipapasa kila mtetea kama daktari, akamrudia wa kwanza, akamwacha. Saada alikuwa akitazama kivuli cha paa kikirefuka, na kila kilipofika kwenye kizimba kingine alihesabu vilivyobaki. Wenzake walizoea kumwona akifunga wa mwisho, taa zimeshawaka. Jua lilipogusa mabati ya mashine ya alizeti ng'ambo, akamkabidhi Yustina mtetea aliyekuwa mkononi, katikati ya bei, akasema anarudi nyumbani. Yustina akauliza kuna msiba? Saada akajibu kwamba akichelewa atafungwa, akatoka mbio. Soko zima likabaki likiulizana ni kesi gani.

Bodaboda aliyoipata iliishiwa mafuta kabla ya Utemini. Hakungoja maelezo. Alikunja kanga magotini akakimbia, sendozi moja ikakatika, akazishika zote mkononi, akapita mbele ya msikiti wakati watu wanatia udhu, akawaamkia wazee shikamoo hukohuko mbioni. Alikuwa anacheka peke yake, manyoya yakipeperuka nyuma yake.

Mwanvua alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao. Rahabu alisimama pembeni. Ndiye aliyemrudisha, maana mtoto alikataa kula kwake leo, akisema ana mtu wake wa kumngoja nyumbani. Saada akafika mbele yao akihema, hana kiatu mguuni. Mwanvua akamkagua kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Kisha akainua macho kutazama paa, ambako jua lilikuwa limebaki kipande.

"Amerudi mwenyewe," akamwambia Rahabu.

Rahabu akauliza kwa heshima kama alete kitambaa. Mtoto akafikiri.

"Usilete," alisema. "Huyu ni wa hapa."

Akainuka, akamshika mama yake kidole kimoja, akamwingiza ndani.