Mtoto Wangu Alikuwa Ekra

Kwa miaka miwili nilijigamba Salamabila kwamba binti yangu anasoma ordinateri, yaani kompyuta. Nilikuwa nauza chumvi na samaki wakavu wa Nyangwe, na kila mteja aliyesimama mbele ya meza yangu dakika moja zaidi alipewa habari hiyo bure, kama matabishi, ile nyongeza ya mnunuzi. Hakuna aliyeniuliza hiyo ordinateri iko wapi. Mimi pia sikuuliza, na mimi ni mutu asiyenunua hata kitunguu kabla ya kukigeuza mara mbili.

Shule yao iko upande wa Kabambare. Informatiki ilikuwa kwenye ratiba, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Wino ulikuwepo, mashini haikuwepo. Basi mwalimu, kijana mwenye moyo, akachora klavye, ule ubao wa herufi wa kubonyeza, juu ya katoni la sabuni. Mwanafunzi mmoja anakaa na katoni: huyo ni klavye. Mwingine anasimama kwenye ubao mweusi na chaki: huyo ni ekra, kioo cha mashini. Klavye anaweka kidole juu ya herufi na kukiacha palepale. Ekra anageuka, anaangalia, anaandika, kisha anapaza sauti: "Imetoka!" Hapo tu ndipo kidole kinapata ruhusa ya kuondoka. Mwenye kutoa kidole mapema alipigishwa magoti.

Nilikuja kuyajua hayo yote siku moja kabla ya mtihani.

Mwaka wa sita, watoto wa kozi hiyo wanakwenda Kasongo kufanya mtihani wa pratiki, wa vitendo, kwenye shule kubwa yenye chumba cha mashini. Usipopata nusu ya pointi, diploma unaisikia kwa wenzako. Walikuwa watano kutoka shule yetu, pikipiki tatu, na mimi juu, kwa sababu mzigo wangu siuachi mikononi mwa dereva. Tulifika mchana. Tulipokuwa tunakung'uta vumbi, nikamuuliza binti yangu:

"Unaandikaka mbio?"

"Wapi, mama?"

"Kwenye klavye."

Akaangalia viatu vyake. "Mama, mimi sikukuwaka klavye. Mimi nilikuwaka ekra."

"Miaka yote mbili?"

"Yote. Mwalimu alisema niko na maandishi ya muzuri, isipotee bure."

Shule haina mashini, ina katoni. Na hata hilo katoni, mtoto wangu hajaligusa.

Nikaenda kwa prefe, mkuu wa ile shule kubwa. Alikuwa ameketi kivulini kwenye baraza, funguo zimening'inia kwenye mkanda wake kama za gereza.

"Bwana prefe, nimeleta watoto wasalimie mashini. Saa mbili inatosha."

"Mama, hakuna mutu anaingia mbele ya mtihani."

"Na watoto wa hapa, wameingia?"

"Wa hapa ni wa hapa."

"Sawa. Lakini nasikia ndani ya hizo mashini munakuwaka zahabu kidogo. Zahabu ya Salamabila inapita hapa kila siku, inakwenda, hairudi. Basi tuache tuamkie ndugu yetu. Saa moja."

Akacheka. Mutu akicheka, ameanza kushusha bei.

"Hawana simu hawa watoto? Wajifunzie pale."

"Simu yangu ni ya tochi, bwana prefe. Inajua kuita na kuangaza choo. Nusu saa."

"Mama, hapa si soko!"

"Ndiyo maana sijapiga kelele."

"Grupu ya umeme inakula esansi," akasema, akinionyesha jenereta na dumu la petroli.

"Hiyo grupu utaijaribu leo, ama unangoja ikatae kesho mbele ya wakaguzi?"

Akaziangalia funguo. Nikamwacha aziangalie, anayeharakisha ukimya hupandisha bei mwenyewe.

"Robo saa," akasema. "Mashini moja tu, wakati wa kujaribu grupu. Na vitambaa vya meza musivichafue."

Robo saa kwa watoto watano: dakika tatu kila mmoja. Nilihesabu tena. Bado zilikuwa tatu.

Chumba kilikuwa kizuri. Vitambaa kumi na viwili vyeupe, vyote vimedariziwa maua, kila kimoja kimefunika mashini. Nikahesabu: kumi na mbili. Prefe akaanza kufunua, nikahesabu mara ya pili, na hesabu ikanikataa. Chini ya vitambaa vitano hapakuwa na mashini. Palikuwa na makatoni matupu.

"Hizi?"

"Zilikwenda kutengenezwa."

"Lini?"

"Mama, uliomba kugusa. Haukuomba kuhesabu."

Zikabaki saba. Grupu ikanguruma, zikawaka nne. Kumbe hata wakubwa wanasomea katoni, tofauti ni darizi. Lakini nisiwaonee: watoto wa pale waliingia mle kila Alhamisi, watatu kwa mashini moja, na vidole vyao vilikuwa vimeshalishika jambo lenyewe. Nne si kumi na mbili, lakini waulize wenye sifuri.

Binti yangu akakaa wa kwanza. Akatafuta herufi M, akaweka kidole, akakiacha palepale, kama sheria ya kwao inavyosema. Kisha akageuka nyuma kumtafuta wa kusema "Imetoka!" Nyuma yake nilikuwepo mimi tu. Mbele yake M zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine, mstari, mstari wa pili, zinashuka kama siafu waliokanyagwa.

"Toa kidole!" prefe akaruka. "Utaniulia mashini!"

Akakitoa. M zikasimama. Dakika moja na nusu zilikuwa zimekwenda.

Akarudisha kidole. Akagusa A na kukitoa upesi. A moja tu. Akasema polepole, peke yake: "Imetoka." Akagusa nyingine. "Imetoka." Mpaka dakika zake zikaisha, akamwachia mwenzake kiti.

Kesho yake wazazi tulifukuzwa mpaka uani, lakini joto lilikuwa kali na dirisha likaachwa wazi. Kazi ilikuwa kunakili barua ya mistari kumi na miwili. Kijana wa pale, kwenye mashini ya jirani, alimaliza mapema, akabaki anapamba kichwa cha barua kwa herufi nene. Wangu nilimsikia: imetoka, imetoka, imetoka.

"Wee mutoto, unasema na nani?" mkaguzi akauliza.

"Na ekra, mwalimu."

"Ekra haisikii."

"Ya kwetu inasikiaka."

Alifikisha mistari saba. Pointi zilipotoka zilikuwa kumi na moja juu ya makumi mbili. Niliomba kuiona karatasi, nikaisoma mara mbili, nikampa aisome na yeye, kisha nikaisoma tena. Kumi na moja. Diploma ilipita mlangoni ikikwaruza mabega.

Tuliporudi, mwalimu wake hakuuliza pointi. Aliuliza: "Kidole kinafanyaka namna gani pale?" Wakakaa barazani mpaka wali ukapoa, binti yangu anasimulia, mwalimu anaandika.

Mwezi uliofuata wa masomo nilipita shuleni kwao na gunia langu la chumvi, nikachungulia. Katoni ni lilelile, ila wameliwekea sheria mpya: klavye akichelewa kutoa kidole, ekra anaendelea kuandika herufi ileile bila kusimama. Ubao mzima ulikuwa umejaa M, kutoka kona hadi kona, na msichana mmoja mwenye maandishi mazuri alikuwa amechuchumaa chini kabisa, jasho linamtoka, anaimalizia chaki ya shule, darasa lote linampigia kelele mwenye katoni: "Toa kidole! Toa!"

Hiyo ndiyo mashini mpya iliyofika Kabambare mwaka huu. Nilihesabu. Ilikuwa moja.