Tangazo la Wakongwe

Siku niliyoripoti kazini, kiwanda cha kubangua korosho pale Lindi mjini, Afisa Utumishi alinikabidhi ufunguo wa masijala, chumba cha majalada ya wafanyakazi, akaniambia, "Somoe, hapa kila jalada lina mtu ndani. Ukipoteza karatasi, umepoteza mtu." Nikaitikia, "Naam, mzee," huku moyoni nasema huyu naye ana makuu. Karatasi sijawahi kupoteza hata moja. Mtu nusura nimpoteze, na kwa karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Ninyi vijana mnaoitwa maafisa rasilimali watu mna kompyuta. Sisi tulikuwa na taipu, gundi na ubao wa matangazo. Jambo likitoka juu lilikuja kwa waraka. Karani akauandikia dokezo, yaani maelezo mafupi kwa mkubwa. Mkubwa akatia sahihi, ndipo likabandikwa. Hivyo ndivyo nilivyofanya Lindi, na hata nilipohamishiwa ghala letu la Kilwa Masoko, chini ya Meneja wa Ghala, mtu wa maneno machache na chai nyingi.

Huko Kilwa ndiko ulikotufikia waraka kwamba mwajiri awajulishe askari wa zamani walioajiriwa kwake huduma wanazostahili: aliyeumia vitani atibiwe hospitali ya jeshi, anayehitaji kiungo cha bandia apewe, anayeandamwa na mambo ya vita apate mtu wa kuzungumza naye. Walinzi wetu kadhaa walipigana Kagera. Mzee Chilumba wa getini, mtu wa Rondo, alibaki na kipande cha chuma kwenye kifundo cha mguu tangu huko. Wote tulijua, maana alichechemea, na mkongojo wake ulikuwa umeegeshwa kibandani siku zote.

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha Kiswahili changu. Magazeti ya Dar yaliwaita wakongwe wa vita. Mimi nikafupisha, nikapiga kwa herufi kubwa: WAKONGWE WOTE WARIPOTI OFISI YA UTUMISHI KABLA YA IJUMAA. Meneja akatia sahihi bila kusoma.

Hakuja mtu. Ijumaa ikapita, na ya pili ikapita. Nilikasirika kweli, nikasema watu hawa wanaletewa heri mlangoni wanaikalia. Kumbe, jamani! Siku zile zile kulikuwa na fununu za watu kupunguzwa kazini. Na kwetu mkongwe ni nani? Si mzee aliyekwisha, wa kusubiri uji mkekani? Walinzi walisoma pale kwamba wazee wanatafutwa waondolewe. Mmoja alikuja na nywele nyeusi tii, kapaka piko mpaka masikioni. Mzee Chilumba akaacha mkongojo nyumbani, akawa anashika lindo wima, anakimbilia geti kila gari likipiga honi. Nami kila asubuhi, "Shikamoo, mzee," "Marahaba, mwanangu," nikapita zangu nikifurahi kwamba amepata nafuu.

Mwezi wa pili tangu tangazo libandikwe nikaona kiatu chake kimelowa, na mvua haikunyesha.

"Mzee, mguu una nini?"

"Hauna kitu. Mimi mzima. Lete gunia nibebe uone."

"Vua kiatu, mzee."

"Somoe, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, usiniandike. Mimi si mkongwe. Wajukuu zangu wananitegemea."

"Nani kakwambia wewe mkongwe?"

Akanyoosha kidole ubaoni. "Si wewe!"

Nikalisoma tangazo langu upya, kwa macho yake. Nilipomweleza lilivyokusudiwa, aliniuliza, "Sasa, mwanangu, ungeandika askari ungepungukiwa nini?" Nililia pale pale getini, wala sioni haya kusema.

Tulijaza fomu siku ile ile. Nilipouliza umri alibabaika, bado ana wasiwasi nami. Nilipouliza namba ya jeshi alisimama kwa mguu mmoja, mikono ubavuni, akaitaja bila kupumua. Hospitali walimpokea vizuri, lakini daktari akasema angewahi mwezi mmoja nyuma kifundo kingetibika. Walimkata chini ya goti.

Alirudi getini na mguu wa bandia. Nilimwomba radhi. "Yaliyopita si ndwele," akasema, kisha akautazama ule mguu, akacheka kweli kweli. Mimi sikuweza.

Tangu hapo sikubandika tangazo la haki ya mtu kabla ya kumsomea mmoja wa wanaohusika na kumuuliza, "Umeelewa nini?" Asiyekuja ofisini nilimfuata lindoni. Mmoja alikuwa likizo kwao Njinjo, nikapanda pikipiki nikamfuata huko huko. Meneja alinung'unika kwamba karani hakai mezani. Nikamwambia meza haiumwi mguu.

Siku ya kuniaga, Meneja mpya, kijana wa watu, alisimama akasema, "Leo tunamuaga mkongwe wetu." Makofi yakapigwa. Nyuma kabisa alikuwa Mzee Chilumba, aliyestaafu zamani, amekuja kwa ajili yangu. Akagonga mguu wa bandia sakafuni, ko, ko, ukumbi mzima ukageuka.

"Somoe!" akaita. "Wahi piko, mwanangu, wameshakuona!"

Watu walicheka bila kujua wanachocheka. Safari hii nami niliweza.