Sikio la Kushoto la Padri Quilty

Askari wa miguu Malachy Gaughan hakuwaogopa Waasi wa kusini, au tuseme aliwaogopa kwa kiasi kinachomfaa mtu mwenye akili. Aliyemtoa jasho ni padri.

Kwao ni Erris, kule Mayo, nchi ya Waairishi. Alivuka bahari akiwa kijana, akabeba matofali New York miaka tisa, na Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe akajiandikisha katika kikosi cha Waairishi wenzake. Alisema anakwenda kuipigania nchi iliyompokea. Nchi yenyewe ilikuwa imempokea kwa vibao madirishani vya kumwambia asijisumbue kuomba kazi, lakini Malachy hakuwa mtu wa kuiwekea nchi kinyongo. Kinyongo chake chote alikuwa amemwekea Festus Lavelle.

Festus alikuwa askari mwenzake wa hema moja, mwembamba, mkimya, kijiji chao si mbali na Erris. Ilinong'onwa kwamba miaka ile ya njaa kuu huko kwao watu wake walikwenda kwenye sufuria la mchungaji wa Kiprotestanti. Pale supu ilikuwa bure, ila mtoto wako Mkatoliki ajifunze sala zao, na Jumapili ukae kwenye mabenchi yao. Wapo waliokataa, wakafa wakiwa wamefumba midomo. Kwa hiyo Mwairishi wa Mayo unaweza kumwita mwizi akacheka, lakini ukimwita mnywa supu, jiandae kupigana.

"We Festus!" Malachy alikuwa akiita wakati wa kugawa biskuti zao ngumu. "Mbona hutafuni? Tukuitie mchungaji akuchemshie supu?"

Hema zima lilikuwa likicheka. Festus aliendelea kusugua bunduki yake.

Sasa ukweli ni kwamba Malachy naye aliinywa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akainywa msimu mzima wa baridi, na sala za wenyewe akazikariri bila kukosea. Dada yake Nappy, mwenye miaka tisa, alikataa katakata, wakamzika kabla ya majira ya kupanda. Tangu hapo Malachy alikuwa ameungama kwa mapadri wengi ulevi, matusi na Misa alizozikosa. Hilo la supu hakulitamka hata mara moja. Ndiyo maana alipaza sauti vile juu ya supu za wenzake.

Asubuhi ya vita Padri Quilty alipanda juu ya jiwe, wanaume wakapiga magoti matopeni na bunduki zao, akawaondolea dhambi wote kwa mpigo.

"Lakini sikilizeni," akasema. "Atakayebaki hai aje aungame mwenyewe, dhambi kwa dhambi. Atakayenikwepa makusudi asijidanganye."

Malachy akapiga hesabu haraka. Akifa leo, anakufa safi na mdomo umefungwa. Basi akapanda kile kilima mbele ya wote, akizitafuta risasi kwa moyo mmoja. Risasi zikawapata wasiozitaka. Wa kombania yake walipanda thelathini na wanane wakarudi kumi na wawili, na Malachy alirudi na tundu kwenye koti na sifa ya ushujaa kutoka kwa sajini.

Amri ikaja: kesho wanapanda tena.

Akifa kesho bila kuungama, hatamwona Nappy milele. Na Nappy ndiye pekee aliyetaka kumwona huko mbinguni.

Alasiri padri aliketi juu ya sanduku la risasi, foleni ikajipanga. Kombora lilikuwa limemuulia sikio la kulia. La kushoto lilibaki na uhai kidogo, nalo ndilo lililoelekea foleni. Kugeuza sanduku alikataa, maana akigeuka hatawaona majeruhi wake. Aliyemtangulia Malachy ilibidi apige kelele kwamba amemtukana nyumbu. Foleni ikaangua kicheko, naye akapewa Salamu Maria tatu.

Malachy akageuka. Nyuma yake alikuwa Festus, na nyuma ya Festus wengine wote.

"Pita mbele, Festus."

"Mimi nipo sawa hapa."

Akapiga magoti, akanong'ona.

"Sema kwa nguvu, mwanangu!"

Akanong'ona tena. Padri akakinga kiganja sikioni.

"Nilikunywa supu!" Malachy akapasua koo. "Ya mchungaji! Kule Erris! Na dada yangu alikataa, akafa!"



"Ulikuwa na miaka mingapi?" padri akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Salamu Maria tatu."

"Tatu? Padri, yule wa nyumbu umempa tatu!"

"Yule ni mtu mzima."

Malachy akainuka, uso unawaka, akamkabili Festus.

"Haya, sema! Zamu yako ya kunicheka."

"Nicheke nini?" Festus akasema taratibu. "Na kwenye foleni ile ya supu nilikuwa nyuma yako. Mama yako alikuwa akinishika mkono nisisukumwe."

"Ulijua? Siku zote hizi ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukunijibu hata siku moja, bwana wewe! Kwa nini?"

Festus akavua kofia, tayari kupiga magoti.

"Nilidhani umesahau," akasema. "Nikawa nakuonea wivu."

Aibu aliyoisikia hapo, ya kupiga kelele mbele ya kombania haikuifikia hata robo. Padri alikuwa ameshaanza: "Sema kwa nguvu, mwanangu!" Na wale wa nyuma walishatega masikio.

Malachy akasimama katikati yao na Festus, akawageukia. Akaanza kuwasimulia, kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kuzitoa, ile supu ilikuwaje: nyepesi, ya shayiri, na jinsi alivyolamba bakuli huku Nappy anamtazama. Hakunyamaza mpaka Festus alipomaliza kuungama na kuinuka.