Waya Wangu kwa Harusi ya Dada

Acha niseme mwenyewe kabla shangazi zangu hawajawafikia. Nilitengeneza kwa mikono yangu waya wa dijitali wa kuunganisha kicheza muziki changu cha mfukoni na amplifaya ya kanisa letu hapa Voi. Nililehemu kila ncha ikang'aa kama umande wa msitu wa Chawia, nikawaahidi watu sauti isiyo na doa. Amplifaya yenyewe sikuwahi kuichungulia.

Siku ya harusi, dada alisimama mlangoni akingoja wimbo wa kumwingiza. Nilipapasa tundu moja baada ya jingine. Waya wangu haukuingia popote.

"Fundi, kumeharibika nini?" shangazi akauliza.

"Hakuna. Ni hii amplifaya haina tundu la dijitali."

"Basi imba wewe!" dada akafoka. "Siingii kimyakimya kama mwizi."

Nikaimba. Bibi harusi, aliyepaswa kuingia kwa madaha, akaja mbio ili ninyamaze.