Vidonge ambavyo mama hajui

Sijamwambia mtu yeyote: tangu nimalize shule nameza vidonge vya majira.

Sina mwanaume, jamani. Hedhi ilikuwa inanilaza kitandani, na homoni zilizomo zinapunguza damu na maumivu.

Ila dada wa duka la dawa alinionya: mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda mshipani. Usiuchue, isije ikasafiri hadi kwenye mapafu. Wahi hospitali.

Leo nimeamka mguu wa kushoto umevimba.

Bibi akachemsha maji ya chumvi, akaanza kuukanda. Nililia mpaka mama akanileta hospitali hapa Same.

Daktari akaniuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

Nikafungua mdomo. Mama akawahi.

"Hatumii chochote."

"Hata za uzazi wa mpango?"

"Daktari! Mtoto huyu anaimba kwaya!"

Daktari akacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Akaandika dawa ya kuchua.

Ya kuchua!

Sasa mama yuko dirishani anasubiri kupewa hiyo dawa. Mimi niko kwenye benchi, na nikivuta pumzi ndefu kifua kinachoma.

Asubuhi hakikuwa kinachoma.

Narudi kwa daktari peke yangu kabla mama hajageuka. Safari hii nitasema. Mniombee.

Na mkikutana na mama kanisani Jumapili, nawasihi, ninyi hamjui kitu.