Darasa Zima Limekalia Kinu Changu

Nawaambia mapema, hasira yangu haijaisha. Mkiona nacheka humu katikati msidanganyike. Mimi nimeumbwa hivyo, hata msibani watu wananifinya ninyamaze. Lakini hasira ninayo, imenikaa hapa kifuani kama ugali wa ulezi ulioliwa bila mboga.

Nakaa Izia, hapa hapa Sumbawanga, na mjukuu wangu wa kike. Mama yake, yaani binti yangu, yuko bondeni Mtowisa anahangaika na mpunga, na jasho lake lote la kule kwenye joto linaishia kwenye ada. Mtoto anasoma shule ya kiingereza. Ina geti, ina gari la kubeba watoto, na ukishaingia getini Kiswahili marufuku. Mtoto akisikika anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka akamatwe mwingine. Kifipa chetu ndiyo hata usikitaje. Nilipoambiwa habari ya kibao nikauliza, kwani mmempeleka mtoto shule au mmempeleka mbuzi mnadani? Binti yangu akasema, "Mama, ndivyo wanavyojifunza haraka." Basi nikamwachia. Anayelipa ni yeye.

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Kiingereza nilikuwa nakisikia redioni tu, nazima. Sasa mwaka huu mtoto akaanza kuja na kazi za nyumbani za kusema kitu kiko wapi na kinakwenda wapi. Na hana wa kumfanyia mazoezi ila mimi. Basi jioni, mimi nakoroga ugali, yeye kakaa kwenye kigoda chake pale mlangoni, ananiuliza kama karani wa mahakama.

"Bibi, mwiko uko wapi?"

"Si huu hapa, uko chunguni."

"Kwa kiingereza."

"Mwiko ini chungu."

"Mwiko izi ini ze chungu, bibi!"

"Hiyo izi inafanya kazi gani humo ndani?"

"Sijui. Mwalimu anasema lazima iwepo."

Tukaenda hivyo hivyo. Ungo uko oni ze meza. Jembe liko bihaindi mlango. Paka yuko anda kitanda, na panya pia yuko anda kitanda, paka kazi yake kulala tu. Nikawa najua, jamani! Asubuhi nafukuza kuku jikoni kwa ufagio, napiga kelele, "Auti ofu jiko! Auti ofu!" Jirani yangu akachungulia juu ya ua akaniuliza, "Mama, kuku wako umewaajiria mzungu?" Nikamwambia wa kwake ndio hawajasoma, ndiyo maana wanataga ovyo kwenye majani.

Lakini palikuwa na kitu kinanikera tangu mwanzo. Kitabu chao. Kwenye kitabu kuna nyumba, jiko liko ndani pamoja na vitanda, kuna ngazi, kuna kabati la vikombe, kuna mbwa kalala juu ya kochi. Mbwa! Juu ya kochi! Mtoto akaniuliza sisi mbwa wetu anaruhusiwa kukaa oni ze kochi? Nikamwambia kwanza kochi lenyewe liko wapi.

Sasa siku moja mwalimu wao akasema kila mtoto alete vitu vya nyumbani kwao, ili wajifunze kwa vitu wanavyovijua. Hapo nikampenda huyo mwalimu. Ni kijana wa kike, ametoka mikoa ya mbali, msafi, sauti ndogo. Nikasema huyu ana akili. Nikafungasha ungo, nikafungasha mwiko mpya, na kwa moyo wangu mweupe nikatoa kinu. Siyo kile kikubwa cha ulezi, kile kidogo cha karanga, alichonipa mama yangu nilipoolewa. Bodaboda alikibeba kwa mapozi, watu wakidhani tunahama.

Kinu kikakaa shuleni. Mimi kila nikitaka kutwanga karanga naazima kwa jirani, najisemea si kitu, kinasomesha watoto.

Ikafika mitihani ya mwisho wa mwaka. Mvua za kwanza zimeshanyesha, watu wako mashambani wanapanda mahindi, na mimi nimerudi matope mpaka magotini, simu inalia. Binti yangu. Hata shikamoo aliisema nusu.

"Mama, mtoto kafeli kiingereza cha kusikiliza. Mwalimu kanipigia. Wanasema haelewi anachoambiwa, wanataka arudie darasa la pili. Arudie, mama! Na mimi huku nimelala kwenye mashamba na mbu!"

Nikasema haiwezekani. Mtoto aliyenifundisha kufukuza kuku kwa kiingereza haelewi nini?

Nikamwita mtoto. Alikuwa kajikunja nyuma ya nyumba, macho mekundu. Nikamuuliza kwa upole, maana nikimuuliza kwa hasira hata mimi mwenyewe naogopa sauti yangu.

"Mwalimu alikuambia nini ukashindwa?"

"Sikushindwa."

"Alisema nini?"

"Alisema siti oni ze kinu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kaa juu ya kinu." Akaanza kulia upya. "Bibi, wewe ulisema tusikalie kinu. Nikasimama tu. Akasema tena, nikasimama. Akasema tena. Wenzangu wote walikaa."

Nilihisi masikio yamepata moto. Kwetu mtoto wa kike, akishaweza kutembea tu, anaambiwa: kinu hakikaliwi. Chakula cha watu kinapita mle. Ukikalia kinu umeweka makalio yako mdomoni mwa nyumba nzima. Mama yangu alinichapa kwa hilo, na mimi nikamfundisha huyu bila kumchapa, kwa maneno tu, na akashika. Sasa kilichoshikwa ndicho kinamrudisha darasa!

"Kwa nini hukumwambia mwalimu kwamba nyumbani mmekatazwa?"

"Kwa kiingereza sijui kusema hivyo. Na kwa Kiswahili ningevaa kibao."

Hapo nilikaa chini kwenye matope. Mtoto amesikia, ameelewa, ana jibu mdomoni, na mdomo umefungwa kamba. Halafu wanasema haelewi.

Na hasira ya pili ikanifika polepole, kama mtu anayechelewa kuhisi amejikata. Wenzangu wote walikaa. Wote! Darasa zima, matako baada ya matako, juu ya kinu cha mama yangu!

Nikampigia binti yangu kumweleza. Nilidhani tutakasirika wote wawili. Akasema, "Mama, si angekaa tu. Ni mtihani. Kukaa sekunde moja."

"Wewe! Nani alikuzaa?"

"Mama, mimi nataka apande darasa. Mwambie akipewa mtihani tena akae. Naomba."

Nikakata simu. Mpaka leo sijui kama niliibonyeza au niliitupa.

Kesho yake nikavaa kitenge changu cha kanisani nikamshika mtoto mkono tukaenda. Mlinzi akataka kunichelewesha getini, nikampita. Tukaingizwa kwa mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye miwani, akanipa kiti. Mwalimu wa kike akaitwa, akapiga goti kidogo, "Shikamoo bibi." Marahaba niliitikia, hasira haiui adabu, lakini ilitoka fupi.

Nikaeleza. Mwalimu akasikiliza, halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Bibi, mimi sikujua habari ya kinu. Kwetu sijawahi kuisikia. Nilikitumia kwa sababu ni kigumu, hakidondoki. Lakini kila mtoto amepewa amri ile ile. Siwezi kumpa yeye alama za bure, wazazi wengine watasema nini?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mlikuwa mnapima masikio yake au makalio yake?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akageukia dirishani. Nafikiri alikuwa anacheka. Alipogeuka akasema, sawa, arudie mtihani hapa hapa, mbele yangu. Vitu vikaletwa: ungo, mwiko, sufuria, ndoo, na kinu changu. Kilikuwa kimeng'aa juu, kimesuguliwa na kaptura. Nikaangalia pembeni.

Mwalimu akaanza. Mtoto akaambiwa weka mwiko ndani ya sufuria, akaweka. Toa. Akatoa. Simama nyuma ya mlango, akasimama nyuma ya mlango, tukaona vidole vya miguu tu. Ungo chini ya meza, ndoo kati ya viti viwili, tembea kuelekea dirishani, zunguka meza. Hakukosa hata kimoja. Mimi mwenyewe mengine niliyashika, nikawa natikisa kichwa kama mtu wa kwaya.

Halafu mwalimu akamwangalia mkuu wake, akasema kwa Kiswahili, "Imebaki ile aliyoshindwa. Bila ile mtihani haujakamilika." Akamgeukia mtoto. "Siti oni ze kinu."

Mtoto hakutazama kinu. Alinitazama mimi.

Sasa ninyi mnaosoma, mnajua nilikuwa na nini kichwani? Nilikuwa na binti yangu na mbu wake. Neno langu moja tu, "kaa", na mtoto anakwenda darasa la tatu, na mama yake analala usingizi. Na nikisema hilo neno, kila nilichomfundisha anajua kuanzia leo kwamba ni cha kubomoa watu wakikunja uso. Nilimchukia yule mwalimu kwa dakika hiyo. Nawaambia kweli, nilimchukia na viatu vyake.

Nikasimama. Nikakaza kitenge. Nikaenda nikakaa mimi juu ya kinu. Puu!

"Bibi!" mtoto akapiga yowe, kwa Kiswahili, humo humo ofisini.

"Mimi nimeshazaa, nimeshazika, nimeshalisha watu," nikasema. "Lawama za kinu nazibeba mimi. Na nyie mmeshakimaliza tayari. Haya mwalimu, muulize mtoto: bibi yake yuko wapi?"

Mwalimu mkuu ndiye aliyeuliza, kwa kiingereza, taratibu. Mtoto alikuwa kajiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Akatoa mikono.

"Mai grandimaza izi sitingi oni ze kinu," akasema. Akavuta pumzi. "Ai kanti siti oni ze kinu. Mai grandimaza sedi no."

Kumbe alikuwa nayo! Alikuwa ameitengeneza usiku kucha, maskini, neno kwa neno, ya kumwambia mwalimu.

Mwalimu mkuu akavua miwani akasema ameelewa yeye, na anadhani kila mtu ameelewa. Mtoto ataendelea darasa la tatu. Mwalimu akasema sawa, akaandika, hakunitazama. Baadaye akaniambia, "Samahani bibi." Nikamwambia asante. Sikumwambia nimemsamehe, maana nilikuwa sijamsamehe. Nikamuuliza na kibao je? Mwalimu mkuu akasema hiyo ni sheria ya shule, siyo yeye aliyeitunga. Nikauliza ni nani. Akasema bodi. Nikauliza bodi inakaa wapi nikaikalie na yenyewe. Akaniambia, "Bibi, twende taratibu."

Taratibu! Kinu kimekaliwa kwa haraka, kibao kitoke taratibu.

Wakaniomba niwaachie kinu kwa ajili ya darasa linalokuja. Nikawaambia fundi seremala yuko karibu na soko, wakatengeneze stuli. Nikakiinua, nikakitia kichwani, mtoto akabeba ungo na mwiko. Kile kinu nimekiosha kwa maji ya moto na majivu, na karanga bado sijatwanga humo. Nikikiangalia mkono hauendi.

Lakini ngoja niwaambie habari ya getini. Tulipopita geti tu, mguu wake wa pili haujagusa barabara, mtoto akaanza kuongea. Kiswahili, Kifipa, vyote vimechanganyika, bila kumeza mate. Nani alimcheka, nani alimsukuma, nani alivaa kibao mpaka akajikojolea kwa sababu hakujua kuomba kwenda chooni. Vya mwaka mzima. Njia nzima mpaka Izia, kwenye manyunyu, aliongea, na mimi na kinu changu kichwani sikuweza hata kugeuza shingo kumtazama, nikawa naitika tu, "Eeh. Halafu? Eeh," na kila alichosema kikanipandisha hasira mpya.