Bani la Babu

Mtu akiwasha sigara karibu yangu pale stendi ya Mbinga, mimi nahama. Wananiona naringa. Na waone! Moshi ule unanirudisha Litumbandyosi, kwenye bani la babu, banda refu la udongo na nyasi tulimokaushia tumbaku kwa moto, na namsikia mdogo wangu Skola akikohoa.

Bani lilijengwa na baba yake babu enzi za Mwingereza. Babu alitusimulia jinsi bwana shamba alivyokuja na fimbo kukagua matuta ya tumbaku, na asiyepanda alikiona cha mtema kuni. Wamatengo wa watu, tuliozoea kulima ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo, tukaambiwa mashimo yetu ni ushamba. Babu aliyasimulia haya kwa fahari, utadhani fimbo ilikuwa yake.

Sisi watoto tulichuma majani asubuhi, umande haujakauka. Mikono ilinata utomvu, kichwa kikazunguka, tukatapika. "Tumbaku inawasalimia," babu alicheka. Salamu gani hizo, jamani? Mimi niliitikia kwa uji wangu wote.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine. Baridi ya kwetu mwezi wa Juni haina mzaha, na ndani ya bani ndiko kulikokuwa na joto. Kwa hiyo mtoto akikohoa alipelekwa humo apashwe kifua. Skola alikohoa, tukampeleka. Akazidi, tukamsogeza karibu na moto. Babu naye alikohoa humo miaka yote, akisingizia baridi.

Siku moja Skola alikosa pumzi. Baba alikuwa kibaruani Songea, hivyo mama alimbeba mgongoni peke yake hadi zahanati. Mganga alinusa nguo za mtoto, akauliza analala wapi. Mama aliporudi alimlaza Skola kwa jirani, akachukua panga, akapanda juu ya bani na kuanza kutupa nyasi chini. Mke wa mwana, juu ya paa la mkwewe! Nililia, nikijua leo tunafukuzwa.

Babu akatoka nyumbani kwake, akamwita kwa jina langu. "Mama Agnesi, shuka. Hilo bani ni la baba yangu."

"Shikamoo, baba," mama alijibu kutoka juu, maana adabu hakuiacha. "Na Skola ni wa nani?"

Babu alirudi ndani ya nyumba yake, na mama akaezua mpaka zikabaki nguzo.

Walinuniana hadi masika, mama alipoamua kulima ngoro palepale penye matuta ya tumbaku. Kwetu mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, kisha mwanamke huzifukia kwa udongo. Mama alifyeka mwenyewe, watu wakamcheka. Asubuhi moja tulikuta nyasi zimeshalazwa mteremko mzima, babu yuko juu kabisa, ameegemea fyekeo lake, anakohoa.

"Fukia, mama," alisema. "Mvua haisubiri."

Kifua ndicho kilichomuua babu baadaye. Skola yu hai, analima mteremko uleule, ingawa akipanda kilima hupumzika njiani. Utotoni niliamini mama alimshinda babu. Siku hizi naona vingine. Mwingereza aliondoka bila kumwambia babu kwamba sasa anaweza kuacha tumbaku. Aliyekuja kumwambia ni mkwewe, juu ya paa, na panga mkononi.